Sababu ya Badiliko

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, na hadi leo hilo ndilo linaloniudhi. Ingekuwa mbovu, ingelala huko chini pamoja na mbovu zingine na hakuna ambaye angeihangaikia. Lakini siku ile mkono wangu ulikuwa mwepesi. Mvua ya alfajiri ilikuwa imeosha vumbi la Old Kampala, jua likatoka saa tatu likapiga ukuta moja kwa moja, na ile nyumba ya ghorofa moja, yenye mwaka 1934 kwa saruji juu ya mlango, ikasimama mbele yangu imenyooka kabisa. Nilipiga mara kumi na mbili. Ya saba ndiyo iliyokuwa yenyewe.

Mimi naitwa Nangila. Siku za kazi niko Nasser Road, kwenye kiwanda cha uchapaji, nakagua mabango kabla hayajatoka, kwa hiyo mambo ya picha sibahatishi. Jumamosi natembea na wenzangu wa kujitolea tukipiga picha nyumba za zamani za Wahindi kabla hazijabomolewa. Kisha tunaziweka kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuiandika na yeyote anaweza kumsahihisha mwenzake. Hakuna anayetulipa. Mama yangu kule Bungoma anaamini kuna posho ninamficha, na nimechoka kumbishia.

Kiongozi wetu ni mzee Komakech, polisi mstaafu kutoka Gulu, aliyeandika taarifa za kituo kwa miaka thelathini na hajapona ugonjwa huo. Nyumba kwake ni kama mtuhumiwa. Ipigwe kutoka mbele, pembe zote zionekane, mahali ilipo paandikwe kwa tarakimu hadi mita ya mwisho. Na zaidi ya yote, mtu asiguse kitu kwenye kamusi bila kujaza kile kisanduku kidogo kinachouliza sababu ya badiliko. "Unabadilisha, unaandika kwa nini," alituambia siku ya kwanza na kila siku iliyofuata. "Kila mutu asome. Hapa hakuna siri." Tulimcheka, tukamwita Afande, na tukamtii. Baada ya miaka mitatu mkono wangu ulikuwa unajaza kile kisanduku kabla kichwa hakijafika.

Siku ya Jumanne, saa ya chakula cha mchana, mwanamke mmoja alisimama mlangoni pa kiwanda akauliza Nangila ni nani. Nilimkumbuka. Ni Santina, fundi cherehani aliyepanga chumba cha chini cha nyumba ile ya 1934. Tulikuwa tumemwachia kikaratasi chenye jina langu na mahali pangu pa kazi, tukiomba mtu yeyote anayejua historia ya nyumba aje atusimulie. Nikadhani amekuja kusimulia. Nilifurahi, mjinga mimi, nikamvutia kiti.

"Sikai," alisema. "Madamu, ni wewe uliweka picha ya nyumba yetu kwa intaneti?"

"Ni mimi. Imependwa sana, mama. Imewekwa hata kwenye ukurasa wa—"

"Toa."

"Nitoe nini?"

"Toa ile picha. Kasitoma yangu alinionyesha kwa simu. Akavuta, akavuta, ikakuwa kubwa. Juu kwa dirisha kuna mutu."

Nilifungua picha kwenye skrini kubwa tunayokagulia mabango. Nikaikuza mara moja, mara mbili, mara tano. Kamera yangu ni nzuri, niliinunua kwa kujinyima, na nilikuwa najivuna kwamba kwenye picha zangu unaweza kuhesabu misumari. Katika dirisha la juu upande wa kushoto pazia lilikuwa limesogea. Mwanamke alikuwa amesimama nyuma ya nondo, mkono mmoja umefungwa plasta, na kichwa cha mtoto kimelala begani mwake. Kila kitu kilionekana, nyusi, kovu dogo la kidevuni, midomo iliyofunguka kidogo. Alikuwa ananitazama mimi.

Santina alisema jina lake kwa sauti ya chini ingawa mashine zilikuwa zinanguruma. Akwero. Mumewe, Odyek, aliwahi kuwa mwanajeshi, sasa analinda ghala moja huko upande wa viwanda, Bugolobi. Ndiye aliyeuvunja ule mkono. Mwaka jana alivunja mbavu. Akwero alikwenda kwenye kituo kimoja cha polisi kushtaki, wakampigia mume simu aje amchukue. Mara ya mwisho Odyek alimwambia kwa utulivu kabisa kwamba akitoka tena nyumbani, yeye na mtoto watarudishwa Lira ndani ya sanduku. Akatoka. Santina ni mtu wa kijiji cha mama yake, akampa chumba cha juu.

"Miezi mbili hajakanyaga nje," alisema Santina. "Ile bwana anazunguka na picha yake, anauliza kwa masoko, kwa makanisa. Sasa wewe umemsaidia. Uso umeweka, na ramani umeweka."

Nilimwambia naitoa sasa hivi, dakika hii, akiwa anaangalia. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka aondoke akiwa na amani, na kwa sababu nilikuwa nimesahau kitu ambacho mimi mwenyewe huwafundisha wanachama wapya. Ukishaiweka picha kule, si yako tena. Umeitoa kwa dunia, na hakuna kitufe cha kuirudisha. Wasimamizi tu ndio wanaoweza kufuta, na hao wako mbali, wengine hata sijui wako nchi gani, na wanataka sababu.

Basi nikafanya nilichoweza. Niliikata picha, nikaondoa upande wote wa kushoto, nikaweka hiyo iliyokatwa juu ya ile ya kwanza. Ikatokea safi, haina dirisha wala mtu. Kisanduku kikauliza sababu ya badiliko. Mkono wangu ukaandika: "Nimemwondoa mwanamke aliyeonekana dirisha la juu kushoto, kwa usalama wake." Nikabonyeza. Nikamwonyesha Santina. Akatikisa kichwa kukubali, akasema "kale", yaani sawa, akaenda zake.

Simu ya Komakech ilinifikia kabla sijamaliza kunawa uso.

"Nangila. Soma kile umeandika."

"Afande, kuna shida kubwa, nilikuwa nataka kukupigia—"

"Soma. Soma na sauti."

Nikafungua, nikasoma kwa sauti. Nilipofika "dirisha la juu kushoto" macho yakashuka. Chini ya maneno yangu, kama kamusi ile inavyofanya siku zote, toleo la zamani lilikuwa limekaa palepale na kijipicha chake, mtu abonyeze tu aone. Na mimi nilikuwa nimemwandikia mahali pa kutazama. Kabla ya hapo alikuwa doa dogo katika picha ya nyumba. Watu elfu walikuwa wameipita bila kumwona.

"Nimefanya nini," nilisema.

"Umeandika taarifa," alisema Komakech. Hakuwa ananikejeli. Sauti yake ilikuwa imezeeka ghafla. "Mimi ndio nilikufundisha. Ngoja niandikie msimamizi kwa siri. Wewe usiguse tena kitu. Usiguse!"

Sikugusa. Lakini kundi letu la WhatsApp lina mtambo, tuliouweka wenyewe kwa mbwembwe, unaoleta kila badiliko pamoja na sababu yake. Humo tuko watu arobaini na tatu, wengine walijiunga kwenye maonyesho yetu ya picha tu na hata majina yao hatuyajui. Bonny, anayeuza simu na kukaa kwenye maghorofa ya Bugolobi, ndiye mcheshi wa kundi, na mcheshi hapitwi na kitu. Aliuliza, "Mwanamke gani?" Dakika nne baadaye akaleta dirisha lenyewe limekuzwa, limezungushiwa duara jekundu. Akaandika: "Bannange, jamani! Mzimu wa 1934!" Watu wakacheka. Nilimpigia simu mara tisa haishikiki, maana alikuwa anatengeneza video.

Video ile ilikuwa ya sekunde kumi na saba. Nyumba, halafu dirisha, halafu uso wa Akwero unasogea karibu na muziki wa kutisha, halafu giza. Bonny alipopokea simu yangu hatimaye, nikamweleza, alilia. Namsema vibaya lakini alilia kweli, akaifuta papo hapo. Ilikuwa imeshanakiliwa. Siku ya Alhamisi msimamizi wa mbali alifuta picha yangu na maneno yangu yote, akatuandikia ujumbe wa adabu kutushukuru kwa uangalifu wetu. Siku hiyo hiyo fundi wa mashine hapa kazini alinionyesha simu yake akicheka. "Madamu Nangila, umeona mzimu wa Old Kampala?" Ilikuwa imetazamwa mara laki mbili.

Sikulala wiki ile. Nikifumba macho namwona Odyek, ambaye sijawahi kumwona, amekaa kwenye kiti cha mlinzi mbele ya ghala na simu mkononi, kidole chake kinapandisha video moja baada ya nyingine. Walinzi hawana kazi nyingine. Nilitaka Akwero aondolewe usiku ule ule wa Alhamisi, lakini Santina alikataa. Alisema watu wa ghorofani hulala mlangoni kwa joto, mwanamke mwenye mtoto akitoka saa hizo wataamka wote na kuuliza. Komakech akatafuta mahali. Alikuwa na mtu aliyemjua tangu enzi za kazi, mwanamke ninayemwamini kwa sababu Komakech anamwamini, na hapo ndipo nilichojua kilipokomea, kwa makusudi. Jumamosi ingekuwa tayari.

Jumamosi asubuhi Santina alinipigia simu. "Dada," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, "watu wamejaa hapa. Wanainua simu juu."

Tulifika saa nne na nusu, mimi na Komakech, tumevaa reflekta zetu, vile vizibao vya njano vinavyong'aa, na kofia za kundi, kamera shingoni, tripodi begani. Tulikuwa wawili. Ndani ya begi langu kulikuwa na reflekta ya tatu na kofia ya tatu. Watu kama arobaini walikuwa barabarani mbele ya nyumba, waendesha boda wamezima pikipiki, wanafunzi, mama mmoja na karanga zake akifanya biashara nzuri. Wote wametazama juu. Pazia lilikuwa limefungwa, na kila upepo ulipolitikisa watu walipiga kelele za furaha. Komakech aliwaambia kwa sauti yake ya kituo kwamba tunapima nyumba, wasogee. Wakasogea. Akaingia, akatoka, akaingia tena, akatoka na futi ya kupimia, hadi hata mimi nikapoteza hesabu ya mara alizoingia. Ndivyo alivyotaka.

Mimi nilipanda juu. Ngazi za mbao zililia kila nilipokanyaga. Akwero alikuwa amekaa sakafuni mbali na dirisha, mtoto mapajani, amekwisha kufunga nguo zake kwenye mfuko mmoja. Niliujua uso ule kuliko wa dada yangu. Nilikuwa nimeukuza mara nyingi mno.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi. Nisamehe."

"Nilikuona siku ile ukipiga. Nikajiambia, anapiga nyumba tu." Alinitazama bila hasira, na ningependa zaidi angenitukana. "Santina aliikata plasta juzi. Lakini yeye ataujua mkono wangu. Ameushika sana."

Santina alimfunga mtoto mgongoni mwake, akachukua beseni la vitambaa na ule mfuko chini ya vitambaa, akashuka, akatoka kwa mlango wa dukani kama mtu anayekwenda kufua. Mimi nikamvalisha Akwero reflekta. Zipu ilinishinda, akaifunga mwenyewe. Nikamvuta kofia chini, nikampa barakoa, nikamwekea tripodi begani upande wa uso. Kabla ya kushuka alikwenda pembeni mwa dirisha, akatazama kwenye upenyo wa pazia.

"Yuko hapo," alisema. "Shati ya buluu. Anatafuna kitu."

Nilitazama. Alikuwa mwanamume mrefu, mtanashati, amenyolewa vizuri. Alikuwa mtu pekee kati ya wale wote ambaye hakuinua simu. Alikuwa anatazama mlango. Ninasema ukweli, kwa sekunde chache nilitamani kumwacha mwanamke yule pale na kurudi Nasser Road kwenye mabango yangu. Niliogopa kiasi hicho.

"Mimi natangulia," nilimwambia badala yake. "Ukisikia nikipiga kelele za kazi, toka, pita barazani hadi mwisho. Usikimbie. Kuna gari jeupe la mtu wa Komakech kwenye kona, mtoto yumo."

Nyumba zile zina baraza refu mbele, lenye nguzo, linalounganisha duka na duka hadi mwisho wa mtaa. Mtu akisimama barabarani mbele ya nguzo, akiwa ameipa nyumba mgongo, anayepita barazani anapita nyuma yake. Hilo nililijua kwa sababu nguzo hizo zimeniharibia picha nyingi. Nilitoka mlangoni na Odyek alikuwa tayari amepanda ngazi mbili za mbele.

"Madamu," alisema kwa upole. Alinukia sabuni. "Naomba niingie. Niangalie juu kidogo tu."

"Hakuna kuingia, tunapima."

"Dakika moja, nnyabo," aliniita kwa adabu.

Aliweka mguu kwenye ngazi ya tatu. Nyuma yangu mbao zililia. Akwero alikuwa anashuka. Sijui neno lile nililitoa wapi. Labda ni miaka mitatu ya kumsikiliza Komakech akidai kwamba picha ya mlango bila kipimo ni picha ya bure, asimamishwe mtu ili urefu ujulikane.

"Wewe ni mrefu," nilisema. "Una futi ngapi?"

"Nini?"

"Nahitaji mtu mrefu. Nasimamisha mtu mbele ya nguzo, watu waone nyumba ina ukubwa gani. Hawa wote ni wafupi. Njoo hapa." Nikamshika kiwiko, mimi, nikamshika kiwiko mtu yule, nikamteremsha. "Ukimaliza kunisaidia, nitakupandisha juu mimi mwenyewe."

Sijui kama alikubali kwa ajili ya ahadi hiyo au kwa sababu waendesha boda walianza kumshangilia. "Simama mzee! Utatoka kwa gazeti!" Alitabasamu. Nilimweka mbele ya nguzo ya pili, mgongo kwa nyumba. Nikarudi nyuma hatua saba, nikainua kamera.

"Simama wima! Mikono chini! Kifua mbele!" nilipiga kelele. "Umewahi kuwa jeshini wewe?"

"Miaka kumi na moja," alijibu, na kifua kikaenda mbele kweli.

Kwenye kioo cha kamera niliwaona wote wawili. Mbele, uso wake, unatabasamu. Nyuma yake, reflekta ya njano ikatoka mlangoni. Komakech alikuwa amemtangulia Akwero na futi, akihesabu nguzo kwa sauti kama mwendawazimu. "Ya kwanza! Mita mbili na nusu! Ya pili!" Akwero akapita nafasi ya kwanza. Akaingia nafasi ya pili, nyuma kabisa ya Odyek, mita mbili kutoka shingo yake. Hapo mguu wa tripodi ukagonga nguzo.

Kengele ya kanisa isingelia vile. Odyek akaanza kugeuza kichwa.

"Usigeuke!" Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. "Unaniharibia! Macho kwangu! Kwangu nimesema!"

Macho yakarudi kwangu. Ni kitu walichomfundisha wengine zamani, si mimi, na namshukuru sajenti yeyote yule aliyempigia kelele kwa miaka kumi na moja. Njano ikapita nafasi ya tatu. Ikapita ya nne. Nilimwambia asogee kulia kidogo, anyanyue kidevu, jua limeingia wingu tungoje. Watu walicheka. Nilimngojesha hadi nikasikia mlango wa gari ukifungwa huko kwenye kona, na gari likaondoka bila haraka, kama gari lolote.

"Nionyeshe," alisema, akija kwangu.

Nikatazama kamera. Sikuwa nimebonyeza hata mara moja.

"Kadi imejaa," nilisema.

Alisimama karibu sana. Alinitazama usoni, kisha mikono yangu, kisha begi langu lililokuwa wazi na tupu. "Madamu," alisema, bado kwa upole ule ule, "kwa nini unatetemeka?"

"Sijala tangu jana."

Nadhani alijua wakati huo. Aligeuka, akapanda ngazi zote kwa hatua mbili, akaingia. Tulimsikia kwenye mbao. Tulisikia mlango ukivunjwa, kitu kizito kikianguka. Kisha pazia la dirisha la juu kushoto likang'olewa, na uso wake ukatokea nyuma ya nondo, mdomo wazi, anatafuta barabarani.

Watu wakalipuka. "Mzimu! Mzimu!" Simu arobaini zikainuka. Walicheka hadi wengine wakakaa chini, mama wa karanga akaangusha sinia lake. Aliwatazama kama haelewi lugha yao. Kisha macho yake yakaniona mimi na hayakuondoka tena. Komakech alinishika mkono akaniambia tutembee, tusikimbie.

Tangu siku ile Odyek amefika Nasser Road mara mbili. Jina langu lilikuwa chini ya picha na mahali pangu pa kazi palikuwa kwenye kile kikaratasi tulichoacha nyumbani mle, hakuhitaji kutafuta sana. Husimama ng'ambo ya barabara, hasemi kitu, anatafuna. Komakech hunisindikiza jioni, na meneja wangu ameniweka chumba cha nyuma. Naogopa, sitasema uongo. Lakini nilijiambia angalau mwanamke yule ametoka, yuko mahali ambapo hata mimi sipajui, na kwa hiyo nikipigwa sitakuwa na cha kusema.

Siku ya kumi na moja namba ngeni ilinipigia mchana. Nilisikia mtoto kwanza, anaimba kitu kisichoeleweka.

"Dada Nangila. Nauliza kitu kimoja tu. Ile picha imetoka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa na jibu lote mdomoni, kwamba msimamizi amefuta, kwamba Bonny amefuta, kwamba sisi tumefunga ukurasa. Yote ni kweli. Angelala vizuri.

"Kwetu imetoka," nilisema. "Kwingine haitoki, Akwero. Natafuta kila siku. Naandikia watu wafute, wengine wanafuta, wengine wananitukana. Jana nimeiona tena mahali papya. Wameongeza na mume wako dirishani. Nyuso mbili, moja baada ya nyingine."

Mtoto aliendelea kuimba.

"Huku nilisema jina lingine," alisema mwishoni. "Wamenipokea vizuri. Mama mwenye nyumba ananipenda, ananisaidia na mtoto."

"Usiniambie uko wapi."

"Siwezi kukuambia. Ni kwamba yeye ana simu kubwa. Jioni tukikaa pamoja anaonyesha watoto video za kuchekesha." Nilimsikia akisimama, nikasikia sauti ya mfuko wa plastiki ukitikiswa wazi. "Kale, dada. Umefanya vizuri kuniambia kabla jioni. Ngoja nifunge vitu."